Mji Uliofichwa Ramanini: Kisa cha Ozersk

Katika kurasa za jarida hili tumezoea kupelekwa Lamu, Gedi na Kilwa, tukaonyeshwa kuta na misikiti ya watu wa kale. Mwaka huu naomba mnifuate kwingine kabisa, hadi milima ya Ural nchini Urusi. Huko kuna mji uitwao Ozersk. Si magofu. Una shule, maduka, ukumbi wa michezo ya kuigiza na barabara pana zenye miti kandokando, na sensa ya mwaka 2010 ilihesabu humo watu 82,164. Lakini kwa zaidi ya miaka arobaini mji huu haukuandikwa katika ramani yoyote ya kuuzwa dukani. Aliyezaliwa huko alipoulizwa kwao ni wapi ilimbidi ajibu kwamba ametoka Chelyabinsk, jiji lililo umbali wa kilomita 70 hivi. Barua zilifika kwa nambari tu, kwanza Chelyabinsk-40, kisha kuanzia 1966 Chelyabinsk-65. Jina Ozersk, ambalo kwa Kirusi linahusu maziwa, lilianza kutumika waziwazi mwaka 1994.

Kwani kulikuwa na nini cha kufichwa hivyo? Jibu ni plutoniamu.

Mnakumbuka kutoka somo la historia kwamba mnamo Agosti 1945 Marekani iliangusha mabomu mawili Japani. Lile la Hiroshima lilikuwa la uraniamu, lile la Nagasaki la plutoniamu. Stalin hakutaka kuachwa nyuma, akamkabidhi kazi hiyo Lavrenti Beria, mkuu wa polisi wa siri, mtu ambaye jina lake peke yake lilitosha kumkausha mtu mate mdomoni. Upande wa sayansi ulishikwa na Igor Kurchatov. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo wajenzi wa kwanza wakafika penye msitu baina ya ziwa Irtyash na ziwa Kyzyltash. Mahali penyewe palichaguliwa kwa hesabu. Ni mbali na mipaka yote, reli iko karibu, na maji ya kupoza mitambo yamejaa tele.

Hapa naomba nichepuke kidogo, kwa sababu Kiswahili nacho kimo katika kisa hiki. Uraniamu iliyotumiwa na Wamarekani kwa sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, kule Katanga, Kongo ya Wabelgiji, ambako lugha ya migodini ilikuwa na ingali Kiswahili. Shehena nyingine za madini ya Kongo zilikuwa Ubelgiji Wajerumani walipoivamia mwaka 1940, wakazitwaa. Vita vilipokwisha, wanasayansi wa Kisovieti walipekua maghala ya Ujerumani wakapata zaidi ya tani 100 za uraniamu, na mmoja wao, Yuli Khariton, alisimulia baadaye kwamba Kurchatov alimwambia mzigo ule uliwaokolea mwaka mzima. Kwa hivyo mawe yaliyobebwa na vibarua wa Katanga, ambao hawakuambiwa ni ya kazi gani, huenda yalisaidia pande zote mbili za Vita Baridi. Wazee wetu walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Hapa hata silaha za tembo zilichimbwa na nyasi.

Turudi Ural. Ukiona vyaelea vimeundwa, na walioviunda vya Ozersk hawakuwa watu huru. Makumi ya maelfu ya wafungwa, wanajeshi na watu waliohamishwa kwa nguvu walikata miti, wakachimba ardhi iliyoganda kwa baridi, wakajenga kiwanda kilichokuja kuitwa Mayak, yaani mnara wa taa. Kazi hii yote ilikwenda kwa kasi ya ajabu. Kinu cha kwanza cha nyuklia, ambacho wafanyakazi walikipa jina la mapenzi Annushka, kilianza kazi Juni 1948. Kiwanda cha kemia kilifuata Desemba. Tarehe 29 Agosti 1949 bomu la kwanza la Kisovieti likalipuliwa huko Semipalatinsk, na plutoniamu iliyokuwa ndani yake ilitoka hapa.

Nieleze kwa ufupi plutoniamu hupatikanaje, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Vipande vya uraniamu hutiwa katika kinu, vikakaa humo vikigongwa na chembechembe ndogo mno zitokazo ndani ya atomu. Kidogo sana ya uraniamu ile hugeuka plutoniamu. Kinu cha ukubwa wa Annushka huweza kutoa gramu 100 hivi kwa siku, na bomu la kwanza lilihitaji kilo 6 hivi. Kisha vipande hutolewa vikayeyushwa katika asidi kali, plutoniamu ikachujwa kando. Sasa jiulize: kile kilichobaki kinakwenda wapi? Ni maji mengi ajabu, yenye sumu isiyonuka, isiyoonekana, wala isiyokufa kwa kuchemshwa. Mapishi haya, ndugu zangu, makapi yake ni mengi kuliko chakula.

Nikifika hapo niruhusuni nizungumzie maisha ya wakazi, kwa kuwa ndiyo yaliyonifanya niandike. Sisi tunaolala bweni tunaelewa seng'enge, lango, askari na kibali cha kutoka. Lakini sisi tunalalamika kwa kuwa ndani kuna githeri na nje kuna chipsi. Ozersk mambo yalikuwa kinyume. Katika miaka ya mwanzo mkazi hakutoka ila kwa kibali maalum, na kibali chenyewe kilikuwa adimu kama wali wa daku. Alitia sahihi kwamba hatasema kitu. Hata hivyo, wakati nchi nzima ilipokuwa ikipanga foleni kununua mkate, ndani ya seng'enge kulikuwa na soseji, chokoleti, viatu vya kununua, nyumba zenye joto, madaktari wa kutosha, na mshahara ulioshinda wa mtu wa kazi kama hiyo kwingineko. Watoto walifundishwa muziki. Hakukuwa na wezi, maana mwizi angepitia wapi?

Pesa zote hizo zilitoka mahali pamoja, hazina ya serikali kuu, kupitia kiwanda kimoja. Mji haukuuza chochote sokoni. Haukuwa na mkulima wala mfanyabiashara wa maana. Serikali ilinunua plutoniamu na kunyamaza kwa pamoja, ikalipia vyote viwili kwa soseji. Mwanahistoria Mmarekani Kate Brown, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kiitwacho Plutopia, aliuweka Ozersk kando ya Richland, mji wa wafanyakazi wa kiwanda cha plutoniamu cha Hanford nchini Marekani, akaonyesha kwamba mahasimu hao wawili waligundua dawa moja: mpe mfanyakazi nyumba nzuri na usalama, naye hatauliza sana juu ya afya yake. Mimi nilipopata habari hizo nilishangaa, kwani tumezoea kuambiwa kwamba bepari na mkomunisti hawana walichofanana.

Afya nayo ilikuwa bei. Mnamo Januari 1949 Annushka ilipata hitilafu, na badala ya kuisimamisha kwa muda mrefu na kupoteza uraniamu adimu, maelfu ya vipande vilitolewa na kuchaguliwa tena kwa mikono, Kurchatov mwenyewe akiwa miongoni mwa waliokuwapo. Katika kiwanda cha kemia walifanya kazi wasichana wengi waliotoka vyuoni, umri wao si mbali sana na wetu. Daktari Angelina Guskova, aliyefika huko mwaka 1949, aliwaona wafanyakazi wakichoka, damu zao zikidhoofika, mifupa ikiuma, na ni huko ugonjwa sugu wa miale ya nyuklia ulikoelezwa kitabibu. Miaka mingi baadaye, mwaka 1986, daktari huyohuyo aliwatibu wazima moto wa Chernobyl. Aliyajua maradhi yale kabla ya ulimwengu kuyajua, ila hakuruhusiwa kuyatangaza.

Lakini wa ndani angalau walikula chokoleti. Je, wa nje?

Mto Techa unaanzia hapo maziwani. Baina ya 1949 na 1956 kiwanda kilimwaga ndani yake mita milioni 76 za ujazo za maji machafu, yenye miale ya kadiri ya kyuri milioni 2.75. Kyuri ni kipimo cha nguvu ya miale. Kwa mtu wa kawaida hata sehemu ndogo mno ya kyuri moja haifai kuchezewa. Kando ya mto waliishi wakulima, wengi wao Watatari na Wabashkiri, watu Waislamu wa vijijini. Walikunywa maji yale, walinywesha ng'ombe, walioga, watoto waliogelea. Watu wapatao 124,000 kando ya Techa na mto uupokeao waliathirika kwa viwango mbalimbali. Wakubwa walipotanabahi, walichimba visima, wakaweka walinzi wa mto, wakakataza watu kuukaribia. Sababu hawakuitaja. Hebu fikiria askari anakuja kukwambia usiteke maji ya mto uliotekwa na babu yako, na ukiuliza kwa nini, jibu ni "marufuku." Ng'ombe naye haelewi marufuku. Watu 7,500 hivi kutoka vijiji 20 walihamishwa mmoja baada ya mwingine, na kijiji cha Metlino, kilichokuwa karibu kabisa na kiwanda, kikafutika.

Kuanzia 1951 maji makali zaidi yalielekezwa katika kidimbwi cha Karachay, ambacho hakina mto unaotoka. Eti hapo yatatulia. Mwaka 1967 ukame ukashika, kingo za kidimbwi zikakauka, upepo ukapeperusha vumbi lake hadi vijijini. Hata mwaka 1990, mtu kusimama kwa saa moja penye mdomo wa bomba pale Karachay kulitosha kumuua. Walianza kukijaza mawe na zege, na kazi ya kukifunika ikaisha Novemba 2015.

Kisha kuna siku ya Jumapili, 29 Septemba 1957. Makapi makali yalihifadhiwa katika matangi chini ya ardhi, yakipozwa kwa maji kwa sababu hujitia joto yenyewe. Upozaji wa tangi moja uliharibika bila kutengenezwa. Maji yakakauka, chumvi zikabaki, zikapata moto, na saa kumi na dakika ishirini na mbili alasiri tangi lililokuwa na tani 70 hadi 80 za makapi likalipuka. Kifuniko cha zege chenye uzito wa tani 160 kilirushwa kama sufuria inayofurika. Kati ya kyuri milioni 20 zilizokuwamo, sehemu kubwa ilianguka papo hapo kiwandani, na milioni 2 hivi zikapanda juu na wingu.

Upepo siku hiyo ulivuma kuelekea kaskazini mashariki. Mji ukanusurika. Wingu likapita juu ya kambi za wanajeshi na wafungwa waliokuwa karibu na kiwanda, kisha likatandika mkeka wa sumu wa kilomita 300 hivi juu ya eneo lenye watu wapatao 270,000. Mjini waliosha magari na viatu ili uchafu usiingie majumbani. Huko vijijini Berdyanish, Satlykovo na Galikaevo, watu waliendelea kuvuna viazi kwa wiki nzima na zaidi kabla ya kuambiwa wapande malori na kuacha kila kitu. Hao walikuwa kiasi cha 1,100. Wengine waliondolewa polepole, hadi jumla ikapita 10,000 ndani ya miaka miwili. Na lile anga lililong'aa rangi za ajabu usiku? Gazeti moja la Chelyabinsk liliwaeleza wasomaji wake siku chache baadaye kwamba ilikuwa mianga ya ncha ya kaskazini, jambo la asili. Ama kweli kalamu nayo huweza kufunika tangi.

Ajali hii huitwa ajali ya Kyshtym. Kyshtym ni mji jirani usio na hatia. Ulitwikwa jina hilo kwa sababu wenye kutoa majina hawakuwa na jina jingine kwenye ramani. Katika mizani ya kimataifa ya ajali za nyuklia, yenye ngazi saba, Kyshtym iko ngazi ya sita, na juu yake zipo mbili tu, Chernobyl ya 1986 na Fukushima ya 2011. Dunia ilianza kuisikia mwaka 1976, mwanabiolojia Zhores Medvedev, aliyekuwa akiishi London, alipoitaja katika makala. Baadhi ya wakubwa wa nyuklia huko Magharibi walimkebehi. Mwaka uliofuata nyaraka za majasusi wa Marekani zikafichuliwa, kumbe wao walikuwa na habari zamani wakanyamaza! Nao walikuwa na vinu vyao na makapi yao. Serikali ya Kisovieti ilikiri mwaka 1989, miaka 32 baada ya tangi kupasuka.

Najua wapo wenzangu watakaouliza kama haya yanahusu vinu vya umeme, hasa baada ya wakazi wa Uyombo, Kilifi, kuandamana mwaka 2024 kupinga mpango wa kujengewa kinu. Kwa haki niseme kwamba kinu cha umeme si kiwanda cha mabomu; makapi yake hayamwagwi mtoni, na wakaguzi wa kimataifa huingia. Ila nawaelewa watu wa Uyombo wanapotaka kuambiwa kila kitu mapema. Jambo lililowaumiza watu wa Techa zaidi ya miale, nadhani, ni kwamba kwa miaka arobaini hapakuwa na mtu wa kuwajibu swali.

Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, soseji ziliadimika. Vinu vitano vya plutoniamu vilikuwa vimezimwa kati ya 1987 na 1990, kwa kuwa mabomu yalikuwa yamezidi. Mji ulioishi kwa mteja mmoja ufanyeje mteja akifilisika? Katika mji jirani wa Snezhinsk, nao umefungwa na ni wa wabunifu wa mabomu, mishahara ilikosekana miezi kadhaa, na tarehe 30 Oktoba 1996 mkurugenzi wa taasisi yake, Vladimir Nechai, alijiua. Ozersk ulijikongoja. Mayak iliendelea kusafisha mafuta yaliyotumika ya vinu vya umeme, kazi iliyoanza 1977 na iliyopokea mizigo hata kutoka Ufini hadi 1996. Iliuza mada za miale zinazotumika hospitalini na viwandani, kama vile kobalti na sesiamu. Adui wa jana naye akaleta pesa: Marekani ililipa zaidi ya dola milioni 300 kujenga ghala imara la kuhifadhi plutoniamu ya mabomu yaliyovunjwa, likakamilika mwaka 2003. Sheria ya mwaka 1992 nayo iliruhusu miji iliyofungwa kutoza kodi kwa masharti nafuu, na makampuni ambayo hayakuwa na hata kiti kimoja huko yakakimbilia kujiandikisha, mpaka mlango huo ukafungwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi binafsi lilinikosesha usingizi. Katika miaka hiyo wakazi waliulizwa: je, seng'enge iondolewe, mji uwe kama miji mingine? Wengi mno walikataa. Mtu wa bweni atasema hawa wamerogwa. Lakini wasikilize. Nje kulikuwa na ujambazi wa miaka ya 1990, viwanda vilivyofungwa, wazee wakiuza vyombo vyao barabarani. Ndani watoto walitembea usiku bila hofu, na pensheni ilikuja na nyongeza ya kuishi mahali pa hatari. Seng'enge ilikuwa ndiyo mali yao ya mwisho. Ukiwalaumu, walaumu pia wale waliohakikisha kwamba kwa miaka arobaini hawakujifunza kuishi kwa kazi nyingine.

Hadi leo mgeni haingii Ozersk bila kibali. Vuli ya 2017, mada ya miale iitwayo rutheniamu-106 ilipopimwa hewani katika nchi nyingi za Ulaya, wachunguzi wengi walinyooshea kidole upande huo wa Ural. Wenye Mayak walikana. Mwanamke mmoja aliyezaliwa humo, Nadezhda Kutepova, alianzisha shirika la kuwasaidia wahasiriwa kudai haki zao mahakamani. Mwaka 2015 shirika lake liliandikwa katika orodha ya "mawakala wa kigeni", naye akakimbilia Ufaransa pamoja na watoto wake.

Na kile kijiji cha Muslyumovo, kilicho kilomita 78 hivi chini ya bomba? Hicho hakikuhamishwa katika miaka ya 1950. Watu wake waliendelea kuishi kando ya Techa, wakazaa, wakazika. Katika miaka ya 2000 serikali hatimaye iliamua kuwahamisha. Waliojengewa nyumba mpya walipelekwa ng'ambo ya pili ya mto uleule, umbali wa kilomita 2.